Chaneli za Potasiamu katika Seli za Moyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hurudi mara nyingi kutoka kwa wanafunzi wa vyuo vya afya hapa Dodoma, kwa wauguzi na matabibu wa zahanati za Bahi, Chamwino na Kongwa, na kwa ndugu wa wagonjwa walioambiwa kwamba "QT imerefuka" au "potasiamu imepanda" bila kupata nafasi ya kuuliza maana yake. Majibu yameandikwa kwa ajili ya wote hao. Mwanafunzi atavumilia maelezo ya msingi, na ndugu wa mgonjwa anaweza kuyaruka majina ya jeni bila hasara. Hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mgonjwa.

Chaneli ya potasiamu ni kitu gani?

Ni protini iliyopenya utando wa seli kutoka upande wa ndani hadi upande wa nje, yenye tundu katikati ambamo ayoni za potasiamu hupita. Utando wa seli umeundwa kwa mafuta, na ayoni yenye chaji ya umeme haiwezi kupenya mafuta. Bila protini ya namna hii potasiamu ingebaki imefungiwa ndani. Chaneli nyingi za moyo zimejengwa kwa vipande vinne vya protini vilivyosimama kwa duara kulizunguka tundu hilo, na kila aina ina sehemu inayoamua wakati wa kufunguka: nyingine huhisi badiliko la volti, nyingine husubiri kemikali fulani itolewe na neva, na nyingine hufuata kiasi cha nishati kilichobaki ndani ya seli. Chaneli yenyewe haisukumi kitu. Kazi yake ni kufunguka na kufunga.

Kama chaneli haisukumi, ni nini huitoa potasiamu nje?

Ni tofauti ya wingi. Ndani ya seli ya moyo kuna takriban milimoli 140 za potasiamu kwa lita, ilhali katika damu ya mtu mwenye afya kuna milimoli 3.5 hadi 5.0 tu. Tofauti hiyo hutengenezwa na protini nyingine, yaani pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo kwa kila molekuli moja ya ATP (kemikali inayobeba nishati ya seli) inayoitumia hutoa ayoni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Mkazi wa Dodoma aliyezoea mgao wa maji ataelewa upesi: pampu hulijaza simtanki wakati umeme upo, na baadaye bomba la jikoni likifunguliwa maji hushuka yenyewe. Chaneli ndiyo bomba.

Potasiamu inapotoka huondoka na chaji chanya, na ndani ya seli panabaki na chaji hasi. Kadiri chaji hasi inavyozidi, ndivyo umeme unavyoivuta potasiamu irudi, mpaka mvuto huo unapolingana na msukumo wa wingi. Kwa mtu mwenye potasiamu ya milimoli 4 kwa lita katika damu, mlingano huo hufikiwa karibu na milivolti −95. Seli ya ventrikali (chemba ya chini ya moyo) iliyopumzika hukaa kati ya −85 na −90, yaani jirani kabisa na kiwango hicho, kwa sababu wakati wa mapumziko chaneli zilizo wazi ni za potasiamu karibu peke yake.

Ayoni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Kwa nini kubwa inapita na ndogo inazuiwa?

Swali hili liliwasumbua wanasayansi kwa miongo kadhaa, na jibu lake ni zuri kiasi kwamba linastahili nafasi hapa hata kwa msomaji ambaye hatalitumia wodini.

Ayoni ndani ya maji haitembei peke yake. Imezungukwa na molekuli za maji zilizoishika kwa nguvu ya umeme. Ili ipite kwenye sehemu nyembamba ya chaneli, lazima ivue maji hayo, na kuyavua kunahitaji nishati. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake nchini Marekani walichapisha umbo la chaneli ya potasiamu ya bakteria aitwaye Streptomyces lividans, wakionyesha kwamba ukuta wa sehemu hiyo nyembamba umepangwa atomu za oksijeni kwa umbali unaolingana kabisa na ayoni ya potasiamu. Potasiamu inapovua maji yake hukuta oksijeni hizo zikiishika kama maji yalivyoishika, kwa hiyo haipati hasara. Sodiamu, kwa udogo wake, haizifikii zote kwa pamoja. Kwake kuvua maji ni hasara tupu, na hubaki mlangoni. Kwa utaratibu huo chaneli huruhusu potasiamu angalau 10,000 kwa kila sodiamu moja, na bado huzipitisha ayoni kwa kasi inayokaribia milioni 100 kwa sekunde. MacKinnon alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, akigawana na Peter Agre aliyegundua chaneli za maji.

Mpangilio unaokaribia kuwa uleule wa asidi amino (vipande vinavyojenga protini) katika sehemu hiyo nyembamba umo kwenye chaneli za moyo wa binadamu, ndiyo maana bakteria wa udongoni aliweza kutufundisha habari za moyo.

Chaneli hizi hufanya nini katika pigo moja la moyo?

Huurudisha moyo kwenye mapumziko. Wengi tunafundishwa pigo la moyo kama tendo la kukaza, na tunasahau kwamba seli isiyoweza kurudi kwenye utulivu haiwezi kukaza mara ya pili.

Pigo la umeme katika seli ya ventrikali huchukua takriban milisekunde 200 hadi 300. Huanza kwa chaneli za sodiamu kufunguka ghafla, na volti ya ndani kuruka kutoka −90 hadi juu ya sifuri. Mara moja kundi la kwanza la chaneli za potasiamu hufunguka kwa muda mfupi na kuishusha volti kidogo. Kisha hufuata kipindi kirefu ambacho volti hukaa karibu palepale, kwa sababu kalisiamu inayoingia inakaribia kulingana na potasiamu inayotoka. Kalisiamu hiyo ndiyo inayoiamuru misuli ikaze. Chaneli za kalisiamu zinapoanza kufunga, kundi la pili la chaneli za potasiamu huwa limekwisha kufunguka, potasiamu hutoka kwa wingi, na volti huporomoka hadi −90. Mwishoni chaneli za mapumziko huishikilia seli hapo mpaka amri nyingine ije.

Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hurudia mzunguko huo zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Kipindi ambacho seli bado haijarudi ndicho kinachoukinga moyo dhidi ya kupokea amri ya pili kabla haujamaliza ya kwanza. Kikiwa kifupi mno au kirefu mno, au kikitofautiana sana kati ya eneo moja la moyo na jingine, umeme hupata njia ya kuzunguka ovyo.

Kwa nini kuna aina nyingi? Moja isingetosha?

Isingetosha, kwa sababu kurudi kwenye mapumziko kunapaswa kubadilika kulingana na mwendo wa moyo, na kila aina ina tabia yake.

Aina mbili zinazobeba sehemu kubwa ya kazi katika ventrikali ni ile inayotengenezwa na jeni KCNH2, ijulikanayo kama hERG, na ile ya jeni KCNQ1 inayoshirikiana na protini ndogo ya jeni KCNE1. Mkondo wa hERG ni wa ajabu kidogo. Volti inapopanda, chaneli hufunguka lakini karibu papo hapo hujiziba kwa ndani. Volti inapoanza kushuka, kizibo huondoka upesi kuliko lango linavyofunga, na hapo ndipo potasiamu hutoka kwa nguvu. Kwa maneno mengine hERG husubiri volti ianze kushuka, kisha huongeza kasi ya kushuka huko. Mkondo wa KCNQ1 ni wa polepole, na hukua pale adrenalini inapopanda. Mtu anapokimbia, mapigo huongezeka na muda wa kila pigo lazima upungue ili chemba zipate nafasi ya kujaa damu. KCNQ1 ndiyo inayoufupisha. Kumbuka tabia hizi mbili, kwa sababu magonjwa ya kurithi yanazifuata hatua kwa hatua.

Chaneli ya mapumziko, Kir2.1 ya jeni KCNJ2, hufanya kinyume na matarajio: volti inapopanda huzibwa kutoka ndani na magnesiamu na molekuli ziitwazo poliamini, ili potasiamu isivuje bure wakati wa kukaza. Seli za kituo kinachoanzisha mapigo, kilichoko kwenye atria (chemba ya juu) ya kulia, zina chaneli hizi kwa uchache sana. Ndiyo sababu haziwezi kutulia mahali pamoja na huelea zenyewe hadi kuanzisha pigo jipya. Katika atria kuna pia chaneli inayofunguliwa na asetilikolini ya neva ya vagasi, ambayo hupunguza mwendo wa moyo mtu anapopumzika, na chaneli ya Kv1.5 ambayo katika ventrikali haina kazi kubwa. Ile inayofuata kiwango cha ATP hufunga nishati ikiwa tele na kufunguka mtiririko wa damu unapokatika.

Kazi ya chaneli hizi naionaje kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo?

Tazama wimbi la T. Hilo ndilo alama ya ventrikali zikirudi kwenye mapumziko. Kipimo cha QT huanzia mwanzo wa wimbi la Q na kuishia mwisho wa T, na kinajumlisha kukaza kwa umeme na kurudi kwake.

Kwenye karatasi iendayo milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo kimoja ni milisekunde 40, kwa hiyo visanduku kumi ni milisekunde 400. Kwa kuwa QT hufupika moyo unapokwenda kasi, hurekebishwa kwa kugawanya QT kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya mapigo mawili, ukihesabu kwa sekunde. Kanuni hiyo ni ya Bazett, ya mwaka 1920, na ingawa hukosea mapigo yakiwa ya kasi sana au ya taratibu sana, bado ndiyo inayotumika zaidi. QT iliyorekebishwa huhesabiwa kuwa ndefu ikizidi milisekunde 450 kwa mwanamume au 460 kwa mwanamke, na ikizidi 500 ni hatari inayohitaji hatua siku hiyohiyo. Muuguzi asiye na kikokotoo anaweza kutumia njia ya mkato: mapigo yakiwa kati ya 60 na 100, QT isizidi nusu ya umbali wa pigo moja hadi jingine. Usiamini tu namba iliyochapwa na mashine. Wimbi la T likiwa bapa, mashine mara nyingi hukosea mwisho wake.

Binti yetu huanguka na kuzimia anapokimbia au anaposhtuka. Tumeambiwa ni kifafa, wengine wanasema ni majini. Kuna uhusiano na chaneli hizi?

Uhusiano unaweza kuwepo, na ni jambo la kuchunguzwa kabla ya kumweka mtoto kwenye dawa za kifafa kwa miaka.

Kuna ugonjwa wa kurithi wa QT ndefu, unaokadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 2,000. Sura yake ya kwanza inatokana na hitilafu ya KCNQ1: mkondo uliopaswa kukua wakati wa adrenalini haukui, kwa hiyo mgonjwa huzimia akikimbia, na hasa akiogelea. Sura ya pili inatokana na hERG, na hujitokeza mtu anaposhtuliwa na sauti ya ghafla kama mlio wa simu au saa ya kuamsha. Sura ya tatu si ya potasiamu bali ya chaneli ya sodiamu, na hatari yake huja zaidi usingizini. Watafiti wa Utah walioongozwa na Mark Keating waliuhusisha ugonjwa huu na jeni ya hERG mwaka 1995 na KCNQ1 mwaka 1996. Hapa barani, familia kadhaa za Afrika Kusini zenye babu mmoja zimefuatiliwa kwa miaka mingi kwa sababu zimerithi badiliko moja la KCNQ1, liitwalo A341V, ambalo huleta ugonjwa mkali kuliko mabadiliko mengine mengi ya jeni hiyo.

Moyo ukiingia kwenye mapigo ya kuzunguka ovyo, damu haifiki ubongoni. Mgonjwa huanguka, hukakamaa na anaweza kurusha viungo. Anayetazama huona kifafa. Dalili za kumfanya mtu ashuku moyo ni hizi: kuanguka wakati wa mazoezi au mshtuko, kupauka, kuzinduka upesi bila kuchanganyikiwa kwa muda mrefu, na habari ya ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana au aliyezama majini ilhali alijua kuogelea. Kipimo cha ECG hakiumi na huchukua dakika chache. Kwa maoni ya mwandishi, kila mtoto anayeanzishiwa dawa za kifafa angestahili kupimwa mara moja.

Je, uziwi wa kuzaliwa una uhusiano wowote?

Ndiyo, kwa wachache. KCNQ1 na KCNE1 hufanya kazi pia katika sikio la ndani, zikipeleka potasiamu kwenye majimaji yanayozizunguka seli za usikivu. Mtoto aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili huzaliwa kiziwi na huwa na QT ndefu sana. Madaktari wa Norway, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1957. Mtoto kiziwi anayezimia apimwe ECG bila kungoja.

Kwa nini dawa nyingi zinatajwa kuirefusha QT, na karibu zote kupitia hERG?

Kwa sababu ya umbo la chaneli hiyo. Chumba cha ndani cha hERG ni kipana kuliko cha chaneli nyingine za jamii yake, na kuta zake zina asidi amino mbili, tairosini na fenilalanini, ambazo hushikana kwa urahisi na molekuli za dawa za aina nyingi. Dawa huingia lango likiwa wazi, hukaa, na huziba njia. Ndivyo ilivyokuwa kwa terfenadini, dawa ya mzio, na sisapridi ya tumbo, ambazo ziliondolewa sokoni katika nchi nyingi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 baada ya vifo. Tangu mwaka 2005 kuna miongozo ya kimataifa inayotaka dawa mpya zichunguzwe kwa suala hili.

Katika maduka na wodi zetu, zinazohusika ni pamoja na erithromaisini na azithromaisini, flukonazoli, haloperidoli, ondansetroni, klorokwini, methadoni na amiodaroni. Mwisho huu ni mfano wa pekee: amiodaroni hutolewa kwa makusudi ili izuie chaneli za potasiamu na kuurefusha muda wa kila pigo, na bado ni nadra kuleta mapigo ya hatari. Kwa kifua kikuu sugu, ambacho hospitali ya taifa inayokishughulikia ni Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, bedakwilini na klofazimini hurefusha QT zikiwa pamoja, kwa hiyo ECG ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Dawa moja kwa mtu mwenye afya mara chache huleta maafa. Maafa huja vitu vinapokutana: dawa mbili za namna hiyo kwa pamoja, au moja kwa mtu anayeharisha, au moja pamoja na dawa inayozuia ini lisiivunje. Mnunuzi anayekwenda duka la dawa moja kwa ajili ya kikohozi na jingine kwa ajili ya fangasi ndiye anayejijengea mchanganyiko huo bila mtu yeyote kuujua. Madhara yanayoshukiwa huripotiwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuripoti.

Na dawa mseto ya malaria?

Isiogopwe. Tanzania iliifanya artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Lumefantrini ina undugu wa kimuundo na halofantrini, ambayo kweli iliziba hERG na kuua watu, lakini urefushaji wake wa QT ni mdogo na matumizi makubwa hayakuonyesha madhara ya kulingana na hayo. Kwinini inahitaji uangalifu zaidi, hasa kwenye dripu, ambayo haipaswi kukimbizwa. Malaria isiyotibiwa ni hatari kuliko dawa mseto kwa kiasi kisicholinganishika.

Potasiamu ikipungua mwilini, si ingetoka kwenye seli kwa nguvu zaidi? Kwa nini basi QT hurefuka?

Mwanafunzi anayeuliza hivi ameelewa somo. Ni kweli kwamba potasiamu ya nje ikishuka, tofauti ya wingi huongezeka. Lakini chaneli ya hERG inahitaji potasiamu kiasi upande wa nje ili ibaki wazi. Ikipungua, hujiziba zaidi na sodiamu huisumbua mlangoni. Chaneli ya mapumziko nayo hupitisha kidogo zaidi. Njia zinazobanwa huushinda msukumo ulioongezeka, kwa hiyo wimbi la T huwa bapa, wimbi la U hujitokeza nyuma yake, na QT hurefuka.

Huku kwetu sababu kubwa ni kuharisha na kutapika, na dawa za kupunguza maji mwilini kama furosemidi, ambayo wengi huiita Lasix. Magnesiamu hupotea pamoja na potasiamu, na isiporudishwa figo huendelea kuivujisha potasiamu hata ukiiongeza kwa dripu. Mgonjwa aliyekwisha kuingia kwenye mapigo yanayojipinda, ambayo Mfaransa François Dessertenne aliyaeleza mwaka 1966, hupewa sindano ya magnesiamu salfeti. Ni ileile ambayo wakunga huitumia kwa kifafa cha mimba, kwa hiyo hata kituo cha afya cha mbali huenda kinayo. Potasiamu ya sindano haisukumwi kamwe moja kwa moja kwenye mshipa. Huchanganywa na kuteremshwa polepole.

Baba yangu ana tatizo la figo na ameambiwa potasiamu imepanda. Chaneli zinapata shida gani?

Hapa tatizo linageuka. Potasiamu ya nje ikipanda kutoka milimoli 4 hadi 8 kwa lita, mlingano wa umeme tuliouona juu hupanda kutoka karibu −95 hadi karibu −76. Seli haishuki tena mpaka kwenye mapumziko yake kamili, na chaneli za sodiamu, ambazo huhitaji mapumziko hayo ili zijiandae, hubaki zimelemaa. Umeme husafiri kwa uzito ndani ya moyo. Wakati huohuo hERG hupitisha zaidi, kurudi huwa kwa haraka, na wimbi la T huchongoka kama hema. Baadaye wimbi la P (la atria) hupotea, QRS (alama ya ventrikali zikipokea umeme) hupanuka, na moyo unaweza kusimama.

Tiba ya dharura inafuata mantiki hiyohiyo. Kalisiamu glukoneti huukinga moyo ndani ya dakika chache bila kupunguza potasiamu hata kidogo. Insulini pamoja na glukosi, na salbutamoli, huichochea pampu iirudishe potasiamu ndani ya seli. Mwisho lazima itolewe mwilini, na kwa mgonjwa ambaye figo zimeshindwa njia ni usafishaji wa damu. Dawa za presha kama enalaprili, losartani na spironolaktoni huipandisha potasiamu, na vivyo hivyo kotrimoksazoli, ambayo baadhi ya watu wanaoishi na VVU huimeza kila siku.

Kabla ya kuogopa, uliza sampuli ilichukuliwaje. Damu iliyovutwa kwa nguvu hadi chembe zikapasuka, au iliyosafirishwa kutoka Kondoa au Mpwapwa kwa saa nyingi bila kutenganishwa, hutoa jibu la juu la uongo. Kuiweka kwenye barafu si suluhisho, kwa sababu baridi huizimisha pampu na potasiamu huvuja kutoka kwenye chembe. ECG yenye T za kawaida haithibitishi usalama, lakini T zilizochongoka zinatosha kuanza tiba kabla ya majibu ya maabara.

Ale nini, aache nini?

Mtu mwenye figo nzima hana sababu ya kuogopa potasiamu ya chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na figo huondoa ziada. Kula ndizi nyingi hakuzifanyi chaneli kuwa na nguvu zaidi.

Kwa mgonjwa wa figo mambo ni tofauti, na vyakula vyetu vya Dodoma vinahitaji kutajwa kwa majina, kwa sababu orodha za kwenye vitabu huanza na kuishia kwenye ndizi na machungwa. Unga wa ubuyu una potasiamu nyingi, na juisi yake inayo pia. Zabibu zikikaushwa, potasiamu iliyokuwa kwenye kichane kizima hubaki kwenye kiganja kimoja. Tende za kufuturu ni vivyo hivyo. Mlenda na mboga nyingine za majani, maharage, viazi na parachichi huingia humo pia. Viazi na mboga zinazoweza kuchemshwa na maji yake kumwagwa hupoteza sehemu ya potasiamu. Mlenda hauna njia hiyo, kwa hiyo hupunguzwa kipimo. Chumvi mbadala inayouzwa kama salama kwa wenye presha mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, na mgonjwa wa figo asiiguse.

Dawa ya kisukari glibenklamidi inahusikaje?

Hufunga chaneli inayofuata kiwango cha ATP. Katika kongosho kufungwa huko ndiko kunakotoa insulini. Moyo una chaneli ya jamii hiyo yenye kipande tofauti cha usaidizi, na kwa vipimo vya kawaida athari kubwa ya kuangaliwa ni sukari kushuka mno, ambayo nayo hurefusha QT.

Ni kweli wanawake wako hatarini zaidi?

Ni kweli. Baada ya balehe QT ya wanawake huwa ndefu kidogo kuliko ya wanaume, kwa sehemu kwa sababu testosteroni huufupisha muda wa kurudi. Takriban theluthi mbili ya wanaopata mapigo yanayojipinda kutokana na dawa ni wanawake. Kwa wenye hitilafu ya hERG, miezi ya baada ya kujifungua ni ya hatari zaidi, kwa hiyo dawa za kuzuia beta, yaani zinazozuia msukumo wa adrenalini, zisikatishwe kipindi hicho.

Tukishuku ugonjwa wa kurithi, tuanzie wapi, na kuna tiba?

Anzeni na ECG katika hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma. Ikiwa na walakini, rufaa huenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Nendeni na dawa zote zinazotumika nyumbani, zikiwemo za mitishamba, kwa sababu swali la kwanza la daktari makini ni lile la kilichomezwa na kilichopotea kwa kuharisha. Jeni hufuata baadaye.

Tiba ya msingi ni dawa za kuzuia beta, hasa propranololi au nadololi, zinazouzuia msukumo wa adrenalini. Humezwa kila siku hata mgonjwa akijisikia mzima, na haziachwi ghafla. Mwenye sura ya kwanza asiogelee bila ruhusa ya daktari. Mwenye sura ya pili aondolewe simu na saa zenye mlio wa kushtua chumbani. Wachache waliowahi kusimama moyo huwekewa kifaa kifuani kinachotambua mapigo ya hatari na kuyakatisha. Kupima jeni husaidia kujua sura ya ugonjwa, lakini familia isiyoweza kumudu kipimo hicho isikae ikingoja: baba, mama na kila mtoto wa tumbo moja na mgonjwa wapimwe ECG, na mwenye QT ya mpakani arudie baada ya miezi kadhaa, kwa sababu wapo waliorithi jeni hiyo ambao ECG yao ya kwanza huonekana ya kawaida.